Kompyuta ya biashara Kabanga: Nunua kwa hesabu, itunze kwa nidhamu

MFANYABIASHARA mwenye duka la kuchapa na kudurufu pale Kabanga, wilayani Ngara, huwa na wateja wa kila aina. Yupo wakala wa forodha anayetaka nakala za hati za mzigo unaovuka kwenda Kobero, upande wa Burundi. Yupo mkulima wa kahawa anayetaka barua yake ya mkopo ichapwe, na yupo kijana mwenye fomu ya kujaza kwa njia ya intaneti kabla ya saa sita usiku. Wote wanataka huduma sasa hivi. Kompyuta ikigoma asubuhi moja tu, wateja hao wanahamia duka la jirani, na wengine hawarudi tena.

Si wenye maduka ya kuchapa pekee wanaohusika. Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali zinatangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Fundi seremala anayetaka kutengeneza madawati ya shule, au kikundi cha akina mama kinachotaka kutumia fursa ya asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengwa kwa makundi maalumu, sharti aingie katika mfumo huo. Usajili wa jina la biashara BRELA na ritani za kodi za TRA nazo zimehamia mtandaoni. Vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vina mfumo wao wa MUVU.

Kwa hiyo kompyuta imekuwa chombo cha kazi kama ilivyo mizani kwa mnunuzi wa kahawa. Tatizo ni kwamba wengi huinunua kama wanavyonunua redio: wanaangalia rangi, wanauliza bei, wanatoa fedha. Tuchukulie mtu amekopa Sh600,000 kununua kompyuta, nayo ikafa mwezi wa tatu. Marejesho ya mkopo hayatakufa nayo. Ndiyo maana yafaa kuhesabu kabla ya kufungua pochi.

Anza na kazi, bei ifuate

Swali la kwanza ni: kompyuta hii itafanya kazi gani? Duka la kuandika barua, kutunza mahesabu na kujaza fomu za mtandaoni halihitaji mashine ya gharama kubwa. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, maarufu kwa jina la RAM, ya GB 8 inatosha, pamoja na diski ya aina ya SSD yenye GB 256. Anayehariri picha za harusi au video ndiye anayehitaji zaidi ya hapo.

Kati ya diski ya kizamani inayozunguka na SSD, ni vyema kuchagua SSD. Diski inayozunguka ina sahani na sindano ndani yake, na mtikisiko inapokuwa kazini unaweza kuiharibu. SSD haina kitu kinachozunguka, inavumilia zaidi misukosuko ya safari za bodaboda, na inaifanya hata kompyuta ya zamani iwake haraka zaidi.

Swali la pili ni kama uchukue kompyuta ya mezani au ya mapajani. Hapa umeme ndio unaoamua. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kutumia wati 150. Kwa saa 10 za kazi hiyo ni uniti 1.5. Ya mapajani inayotumia wati 45 inakula uniti 0.45 tu kwa muda huo huo. Tukichukua bei ya Sh350 kwa uniti na siku 26 za kazi, ya mezani inatumia Sh13,650 kwa mwezi na ya mapajani takriban Sh4,100. Tofauti ya mwaka mzima inazidi Sh114,000.

Anayetumia sola aangalie zaidi. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 inabeba takriban wati-saa 1,200, na betri ya kawaida ya risasi isipunguzwe kupita nusu yake kama inatakiwa kudumu. Zinabaki 600. Kompyuta ya mapajani kwa saa nane inahitaji 360, hivyo inatosha na taa inawaka. Ya mezani kwa saa hizo hizo inahitaji 1,200. Haiwezekani.

Hata hivyo, ya mezani ina sifa zake: vipuri vyake hubadilishwa kirahisi, kibodi ikifa unanunua nyingine bila fundi, na si rahisi mwizi kuikwapua na kuitia kwapani.

Mpya au mtumba?

Wafanyabiashara wengi wadogo hununua kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, Marekani au Dubai. Si kosa. Mashine ya ofisi iliyotunzwa inaweza kuwa imara kuliko mpya ya bei ya chini. Lakini kuna mtego mmoja ambao sasa ni wa kuangalia kabla ya mingine yote.

Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inayoifuata haikubali rasmi kila kompyuta. Kwa mashine nyingi zenye kichakato cha Intel, inataka kizazi cha nane au zaidi. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata jina la kichakato: Core i5-6300U ni kizazi cha sita, Core i5-8250U ni cha nane, na i5-1135G7 ni cha 11. Muuzaji akisema tu kwamba "hii ni Core i5", hajasema kitu. Mwambie afungue sehemu ya taarifa za mashine usome namba mwenyewe.

Mashine ya kizazi cha nyuma bado inaweza kufaa endapo itawekewa Linux, ambayo hailipiwi. Kwa kazi za ofisi ipo LibreOffice, nayo ya bure. Programu za aina hii si ngeni nchini, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kutumia programu huria ni salama kuliko kuweka programu ya wizi iliyovunjwa kufuli, ambayo mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Kagua kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi asione haya kukaa na mashine nusu saa dukani. Mambo ya kufanya ni haya:

Kwanza, izime kabisa kisha iwashe. Ikiomba nenosiri kabla hata Windows haijaanza, au ikionyesha jina la kampuni ya nje inayoimiliki, iache. Kufuli la namna hiyo laweza kumshinda fundi.

Pili, pima betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, ingiza bei ya betri mpya katika mapatano.

Tatu, bonyeza kila kitufe cha kibodi, jaribu kila tundu la USB kwa flashi, jaribu spika, kamera na mtandao usiotumia waya. Fungua ukurasa mweupe uangalie kama kioo kina madoa.

Nne, dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine yenyewe. Risiti hiyo ni ushahidi kwamba hukununua mali ya wizi, na ni kumbukumbu ya matumizi mbele ya TRA. Aidha, andikishana na muuzaji muda wa dhamana, na muulize dhamana hiyo inatimizwa wapi. Dhamana ya duka la Mwanza ina maana kusafiri na mashine hadi huko. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko katika njia ya kupitia Geita, lakini nauli na siku ya kazi iliyopotea bado ni zako.

Mambo ya mpakani

Kuishi jirani na Burundi kuna faida na vituko vyake. Mitumba inayotoka Ubelgiji au Ufaransa huwa na kibodi ya Kifaransa, ambayo mstari wake wa juu wa herufi unaanza na A na Z badala ya Q na W. Anayechapa kwa haraka bila kutazama vidole atapata shida. Chaja zake nazo huwa na plagi ya pini mbili za mviringo. Usiichomeke kwa kijiti cha kiberiti katika soketi ya pini tatu. Nunua waya unaofaa.

Bidhaa iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka ipitishwe forodhani kwa utaratibu. Kompyuta isiyo na karatasi itamletea mwenyewe hasara siku ya ukaguzi.

Jambo jingine ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu iliyonasa mtandao wa upande wa pili inaweza kubadili saa yake yenyewe, na kukugharimu fedha za intaneti ya nje. Anayetumia simu kuipa kompyuta intaneti achague mtandao wa nyumbani kwa mkono, na kompyuta aiwekee saa za Afrika Mashariki bila kuiachia ijibadilishe. Muda wa mwisho wa zabuni haumsubiri mtu ambaye saa yake imerudi nyuma.

Umeme, radi na vumbi

Kwa miaka mingi wilaya za Ngara na Biharamulo zilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO. Siku hizi upo mradi wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Pamoja na hayo, umeme hukatika, na hatari kubwa ni pale unaporudi kwa kishindo. Ukikatika, zima swichi ya ukutani na usubiri dakika chache baada ya kurudi kabla ya kuwasha.

Kompyuta ya mezani isitumike bila UPS, ambayo kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima salama. Printa ya leza isiunganishwe kwenye UPS ndogo. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi na kuilemea. Ya mapajani ina betri yake, lakini nayo ichomekwe kwenye kifaa cha kukinga umeme kama kile cha friji.

Radi haina dawa isipokuwa kuchomoa. Mvua ikianza kunguruma, chomoa plagi ya umeme na waya wowote wa mtandao. Kuzima tu hakutoshi.

Vumbi la barabarani wakati wa kiangazi huziba feni, mashine hupata joto na kupunguza mwendo. Kompyuta iwe juu ya meza, mbali na mlango. Kila mwezi ipulizwe ikiwa imezimwa na kuchomolewa, na feni ishikiliwe isizunguke. Usiku ifunikwe kitambaa, lakini kitambaa kiondolewe kabla ya kuwasha. Masika, karatasi za printa zibaki ndani ya bunda lililofungwa, kwani karatasi yenye unyevu hukwama.

Virusi na daftari la madeni

Adui mkubwa wa duka la kuchapa ni flashi ya mteja. Kinga iliyomo ndani ya Windows ni ya bure na inatosha kwa duka dogo mradi inasasishwa. Kagua kila flashi kabla ya kuifungua. Ikiwezekana, kompyuta inayopokea flashi za wateja isiwe ile yenye mahesabu ya duka.

Mahesabu hayo ndiyo mali yenyewe. Kompyuta inaweza kununuliwa tena, lakini orodha ya wanaodaiwa ikipotea hailetwi na fundi yeyote. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nayo inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Kanuni ni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na duka. Moja iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayolala nyumbani, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni. Kila Jumamosi kabla ya kufunga duka, nakala zifanywe. Mara moja kwa miezi mitatu, fungua faili moja kutoka kwenye nakala uhakikishe kwamba linasomeka.

Wateja nao wana siri zao. Kitambulisho cha NIDA kilichoskaniwa, cheti cha mtoto au nenosiri la mtu visibaki kwenye mashine ya duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu pia anayeshika taarifa za watu kibiashara. Mteja akiondoka, futa faili lake na ufunge akaunti yake.

Weka akiba ya kompyuta

Hatimaye, mwenye biashara ajue kwamba kompyuta inazeeka. Iliyonunuliwa Sh600,000 na kutarajiwa kufanya kazi miaka minne inapoteza Sh12,500 kila mwezi. Kiasi hicho kitengwe kila mwisho wa mwezi kama kodi ya pango. Hesabu hiyo iingie pia katika bei ya huduma. Kwa mfano, wino wa Sh60,000 unaotoa kurasa 1,500 ni Sh40 kwa ukurasa, na bunda la karatasi 500 la Sh12,000 ni Sh24. Ukurasa mmoja umegharimu Sh64 kabla ya umeme, pango na mshahara. Anayedurufu kwa Sh50 ili kumvutia mteja wa jirani analipia karatasi za watu kwa mtaji wake mwenyewe.