Maua ya Nyumbani Yasiue Ng'ombe

Maua mbele ya nyumba ni heshima ya boma. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalipoanza kugawanywa, mimea mingi ya bustani zao imeenea katika ploti za Kitale, Ndalu, Tongaren na Naitiri. Jambo hili ni jema. Lakini baadhi ya mimea hiyo ni sumu, na mkulima anayefuga ng'ombe wa gredi karibu na nyumba hana budi kuijua.

LANTANA. Huu ni mti mfupi wenye miiba midogo, majani ya kukwaruza yenye harufu kali, na maua madogo ya rangi nyingi yaliyofungana pamoja. Asili yake ni Amerika. Uliletwa kwa ajili ya urembo na wigo, kisha ndege wakala matunda yake meusi na kutawanya mbegu katika malisho. Ng'ombe aliyeshiba huuacha. Ng'ombe mwenye njaa wakati wa kiangazi, au mgeni aliyenunuliwa karibuni, huula. Sumu yake huharibu ini. Mnyama hukataa kula, macho huwa manjano, choo hufunga, naye hukimbilia kivulini kwa kuwa jua humchoma. Ngozi ya pua na ya sehemu nyeupe hupasuka.

Vichaka vyake pia huficha mbung'o. Mwaka 1964 malale yalipozuka huko Alego, Nyanza, mbung'o walikutwa katika lantana iliyozunguka nyumba za watu.

OLEANDA. Ziko mbili: ya maua ya waridi au meupe, na ya maua ya manjano yenye umbo la kengele. Zote zina majani membamba. Majani machache yanaweza kusimamisha moyo wa ng'ombe, hata yakiwa makavu. Mbegu za ile ya manjano huweza kuua mtoto.

MAUA YA TARUMBETA. Ni yale makubwa yanayoning'inia. Akiyala mtoto huweweseka na kupoteza fahamu.

Basi fanya hivi:

1. Ng'oa lantana pamoja na mizizi wakati ardhi ina unyevu. Ukikata kwa panga tu, itachipua tena. Rudi kila baada ya miezi michache kung'oa miche.

2. Usitupe matawi uliyokata penye malisho wala katika hori. Yakusanye mbali na mifugo.

3. Mahali pa wigo panda kaiyaba, ambayo miiba yake huzuia mnyama na matunda yake huliwa. Penye urembo panda waridi, haibiskasi au bogenvilia. Bogenvilia hupandwa kwa kipande cha tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa futi moja. Kipande kizikwe nusu mvua za Aprili zinapoanza.

4. Ng'ombe akila sumu, mwondoe hapo, mweke kivulini, mpe maji, na umwite Afisa wa Mifugo mara moja. Mwonyeshe tawi la mmea alioula. Usimnyweshe dawa za kubahatisha.

5. Mtoto akila mmea huo, mpeleke hospitali bila kungoja dalili.

Ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye karo ya watoto katika nyumba nyingi. Zunguka boma lako leo, ukatazame kila mti ulio karibu na kamba yake.