Kipeperushi chako kinauza, au kinafungia karanga?

Kabla ya kulipia nakala 1,000, mfanyabiashara anaweza kukipima kipeperushi chake bila gharama yoyote

KILA mwaka ifikapo jioni ya Agosti 8, maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yanapofungwa, viwanja hubaki na karatasi nyingi. Vipeperushi vya mbegu, vya pampu za maji, vya vifaranga na vya mashine za kukamua alizeti huwa vimekanyagwa vumbini. Vingine vimekaliwa ili nguo zisichafuke, na vingine vimeshafungia karanga.

Kila kimoja kililipiwa. Mwenye nacho alitoa fedha za mtaji, akasimama juani siku nzima akikigawa kwa heshima zote, na aliyekipokea alikitazama kidogo, akakikunja na kukitupa. Wajasiriamali wengi hulalamika baadaye kwamba matangazo hayalipi. Mara nyingi karatasi yenyewe haina kosa, kosa liko katika jinsi ilivyopangwa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme nakala moja inagharimu Sh200. Nakala 1,000 ni Sh200,000. Kama watu 20 watapiga simu na watano wakanunua, kila mnunuzi amegharimu Sh40,000. Kama kipeperushi kile kile kitapangwa vizuri zaidi, wakapiga watu 60 na kununua 15, gharama ya kumpata kila mmoja inashuka hadi Sh13,300 hivi. Karatasi na wino vimebaki vile vile, tofauti imeletwa na mpangilio tu.

Mfano wa kitalu cha parachichi

Chukua mfano wa mwenye kitalu cha miche ya parachichi mkoani Njombe anayejiandaa kwenda Mbeya kwenye maonyesho ya kanda katika viwanja vya John Mwakangale. Anakwenda kwa kijana wa kompyuta, anamweleza biashara yake, na baada ya nusu saa kipeperushi kimekamilika.

Juu kabisa kuna jina la kampuni kwa herufi kubwa kuliko zote. Chini yake kuna maneno "Karibuni wateja wetu wote". Katikati kuna picha ya parachichi lililokatwa, iliyochukuliwa kwenye intaneti. Nyuma ya maandishi yote kuna picha nyingine ya majani mabichi, na juu ya majani hayo maelezo yameandikwa kwa rangi nyekundu. Kuna aina sita za herufi. Bei haipo. Namba ya simu iko mwisho kabisa, imebanwa ukingoni kwa herufi ndogo kuliko zote.

Mwenye kitalu anafurahi kwa sababu kina rangi nyingi na jina lake linaonekana. Lakini mkulima anayepita hamjui, na jina la kampuni halimwambii chochote. Anachokiona kwanza ni tunda, hivyo anadhani panauzwa matunda. Kumbe panauzwa miche.

Vipimo vitano vya bure

Kabla ya kuchapisha, nakala moja ya majaribio inatosha kuonyesha makosa mengi.

Kwanza, kipimo cha sekunde tano. Mwonyeshe kipeperushi jirani asiyejua biashara hiyo, hesabu moja hadi tano, kisha kigeuze. Muulize maswali matatu: kinauzwa nini, kinauzwa wapi, na anayekitaka afanye nini? Akishindwa hata moja, usimlaumu jirani. Rudi kwa mtu wa kompyuta.

Pili, kipimo cha macho nusu. Kibandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu, kisha fumba macho nusu. Maneno yatafifia na yatabaki maumbo makubwa tu. Kile kinachobaki kinaonekana ndicho mteja atakachokiona kwanza. Kama kinachoonekana ni pambo la maua pembeni, basi pambo ndilo linalouzwa.

Tatu, kipimo cha fotokopi. Kitoe fotokopi nyeusi na nyeupe. Maandishi mekundu juu ya majani ya kijani hugeuka kijivu juu ya kijivu, yakapotea. Hiyo ni dalili kwamba rangi hizo hazitofautiani vya kutosha hata kwa macho ya kawaida jua likiwa kali. Aidha, wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Maandishi meusi juu ya nyeupe au ya njano husomeka, lakini njano juu ya nyeupe haisomeki.

Nne, kipimo cha mfukoni. Kikunje mara mbili kama kitakavyokunjwa na mteja ili kiingie mfuko wa shati au kifungwe kwenye pindo la kanga. Baada ya siku mbili kikunjue. Kama namba ya simu ilikuwa kwenye mkunjo, tarakimu moja imeshafutika, na mteja huyo amepotea.

Tano, kipimo cha mzee. Mpe mtu wa miaka 60 asome jioni kwa mwanga wa taa ya sola. Kwa kipeperushi cha ukubwa wa A5, yaani nusu ya karatasi ya kawaida ya A4, maelezo yasipungue pointi 10 au 11, na namba ya simu ionekane kwa mbali. Kijana wa kompyuta ana macho ya miaka 20, na huenda anayenunua miche ni baba yake.

Jicho husafiri vipi

Msomaji wa Kiswahili huanza juu kushoto, huenda kulia, kisha hushuka. Mpangilio mzuri hufuata safari hiyo. Juu ni mahali pa kusema manufaa, kwa maneno machache: "Miche ya parachichi aina ya Hass, tayari kwa kupandwa msimu huu." Kisha picha moja kubwa. Kisha mambo matatu au manne muhimu, kila moja katika mstari wake. Chini kabisa, peke yake bila kubanwa, ni namba ya simu na maelekezo ya kufika. Jina la kampuni na nembo vinaweza kukaa hapo hapo chini au pembeni juu kwa ukubwa wa kiasi.

Nafasi tupu huwatia hofu wafanyabiashara wengi. Huona kwamba wamelipia karatasi nzima, kwa hiyo kila kona ijazwe. Lakini nafasi tupu ndiyo inayofanya neno lionekane, kama mche unavyokua vizuri usipobanana na mingine. Aina mbili za herufi zinatosha, moja ya kichwa na moja ya maelezo. Herufi za kurembwa kama za kadi za harusi ziachiwe harusi.

Picha iwe ya bidhaa yenyewe. Kwa mwenye kitalu, picha ya miche yake ikiwa imejipanga kwenye viriba, na mtu amesimama kando ili urefu wake uonekane, ina nguvu kuliko parachichi la intaneti. Mteja akifika kitaluni akakuta kile kile alichokiona kwenye karatasi, anaamini na mengine.

Maneno nayo yapimwe. "Tunauza miche bora kwa bei nafuu" ni sentensi ambayo kila muuzaji anaweza kuiandika. Maelezo yanayomsaidia mkulima kupiga hesabu huuza zaidi. Kwa mfano, kwa nafasi ya mita 7 kwa mita 7, ekari moja huchukua miche 82 hivi. Mkulima akipewa hesabu hiyo pamoja na bei ya mche, anajua papo hapo anahitaji fedha kiasi gani. Akiambiwa pia kwamba shamba la Hass hufaidika na miti michache ya aina nyingine kama Fuerte kwa ajili ya uchavushaji, ataitunza karatasi hiyo kwa sababu imemfundisha jambo.

Kwa mpiga chapa

Makosa mengine huzaliwa kiwandani. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na ikikuzwa huwa na ukungu. Ni vizuri kupeleka faili halisi la kamera. Picha itakayojaza ukurasa wote wa A5 inahitaji nukta zipatazo 1,750 kwa 2,480 ili itoke safi.

Rangi nazo hudanganya. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine hutengeneza kwa wino wa rangi nne. Kijani kinachong'aa kwenye kioo kinaweza kutoka kimefifia. Dawa yake ni kudai nakala ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika.

Mashine ya kukatia karatasi pia huweza kusogea kidogo. Rangi inayofika ukingoni inapaswa kuzidi mstari wa kukatia kwa milimita 3, na maandishi yakae ndani angalau milimita 5. Vinginevyo tarakimu ya mwisho ya simu inaweza kuondoka na kisu.

Karatasi nzito ya kung'aa hupendeza, lakini kalamu nyingi haziandiki juu yake. Kama muuzaji huandika bei ya siku au jina la mteja, upande mmoja usiong'aa ni bora. Kwa nakala chache, mashine za kidijitali huwa nafuu. Kwa maelfu, ofseti huwa nafuu kwa kila nakala, kwa kuwa gharama ya kutengeneza pleti hugawanywa kwa nakala nyingi. Asiye na uhakika na kipeperushi chake aanze na 100.

Na kabla ya kutia saini ya kukubali, namba ya simu isisomwe tu, ipigwe. Simu isipoita mfukoni mwa mwenyewe, nakala 1,000 zimeokoka.

Kupendeza si ukweli

Upo upande mwingine wa suala hili, nao unamgusa mkulima anayepokea karatasi. Mche wa parachichi uliobebeshwa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Aliyeuziwa mche usio wa aina iliyotangazwa hagundui mwaka wa kwanza wala wa pili. Atapalilia, atamwagilia na kuweka mbolea, na siku atakapoona tunda si lile aliloahidiwa, muuzaji anaweza kuwa ameshabadilisha namba.

Kwa hiyo mkulima naye akipime kipeperushi. Je, kinataja kitalu kilipo, au kina namba ya simu tu? Kinasema kama miche imekaguliwa? Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, ndiyo mahali pa kuuliza. Je, kuna kinyota kando ya bei, na maneno madogo chini yanayosema bei hiyo ni kwa anayenunua miche 500? Je, kinaahidi mamilioni kwa ekari bila kutaja gharama za maji, mbolea na miaka ya kusubiri?

Muuzaji naye akumbuke kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Herufi ndogo zinazoficha masharti ni mpangilio mbaya na pia ni biashara mbaya. Sharti kama lipo, liandikwe kando ya bei kwa herufi zinazosomeka.

Hesabu ya mwisho

Kipimo cha mwisho hufanyika baada ya kugawa. Mwenye kitalu anaweza kuchapisha nakala 50 zenye picha ya miche na 50 zenye picha ya tunda, akatia alama ndogo ya A na B pembeni, na kuzigawa siku moja mahali pamoja. Kila anayepiga simu aulizwe kwa upole: "Karatasi yako ina alama gani?" Majibu yaandikwe daftarini. Baada ya wiki mbili, daftari litasema ni ipi ichapishwe kwa wingi, na halitajali mwenye kitalu wala kijana wa kompyuta aliipenda ipi.

Mwenye kitalu wa mfano wetu, akivifuata vipimo hivi, atarudi na karatasi yenye rangi chache na maneno machache kuliko ile ya kwanza. Pengine haitamfurahisha sana kuitazama, kwa sababu jina lake limekuwa dogo. Lakini mkulima akiikunjua nyumbani kwake jioni, ataona miche, bei, idadi ya kutosha ekari moja, na namba ya kupiga. Karatasi ya namna hiyo haifungii karanga.