Kabla Mtoto Hajaingia Nyumbani

Kumlea yatima ni amali kubwa. Bwana Mtume (S.A.W.) alifahamisha kuwa mwenye kumlea yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vilivyokaribiana vidole viwili, cha shahada na cha kati. Lakini wako miongoni mwetu wanaoitamani fadhila hii, na wakiambiwa kuwa Afisa wa Ustawi wa Jamii atakuja kwanza kuitazama nyumba yao, huona wametukanwa. Husema: "Mimi nataka thawabu, mbona naulizwa kama mwizi?"

Hayo si matusi, wala si jambo jipya. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba zama za Sayyidna Umar (R.A.) mtu mmoja wa Bani Sulaym, Abu Jamila, aliokota mtoto mchanga aliyetupwa, akampeleka kwa Khalifa. Sayyidna Umar alimwuliza kwanza sababu ya kumchukua. Msimamizi wa watu wake alipomshuhudia kuwa ni mtu mwema, ndipo Khalifa alipomwachia mtoto yule, na matumizi yake akayachukua juu yake. Tena Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nisaa aya ya 6, inatuamrisha kuweka mashahidi tunapomkabidhi yatima mali yake. Ikiwa mali yake yataka shahidi, je, yeye mwenyewe?

Basi huyu ajaye na daftari anafanya kazi ya yule msimamizi. Ataangalia mtoto atalala wapi, maji na choo vikoje, na kama dawa, mafuta ya taa na kisima viko mbali na mikono midogo. Atauliza pato la nyumba na afya za walezi. Atazungumza na kila mtu, hata watoto mlio nao. Msiazime makochi ya jirani, wala msiwafundishe watoto la kusema. Yeye hatafuti utajiri. Chumba kidogo kilicho safi chatosha. Lakini afichaye maradhi au deni, uongo wake ukijulikana, hulivunja alilolitaka kwa mkono wake.

Matayarisho makubwa ni mashauri ya wenye nyumba. Mume na mke, pamoja na bibi na watoto wakubwa, wakae wapatane juu ya mambo matatu.

La kwanza ni jina. Zayd bin Haritha (R.A.) alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab kuamrisha wanaolelewa waitwe kwa baba zao. Hii ndiyo kafala: twalea, wala hatubadili nasaba. Mwambieni mtoto asili yake tangu mdogo, kwa upole, asije akaisikia kwa wenziwe uwanjani.

La pili ni mirathi. Anayelelewa harithi kwa sababu ya malezi, lakini mwaweza kumwusia kisichozidi thuluthi, au kumpa zawadi mngali hai. Liandikeni jambo hilo. Na akiwa na mali aliyoachiwa na wazazi wake, isichanganywe na yenu.

La tatu ni stara. Malezi peke yake hayamfanyi mtoto kuwa maharimu. Akinyonyeshwa na mama mlezi mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa madhehebu ya Imam Shafi, huwa mtoto wake wa kunyonya. Ikiwa sivyo, fikirini tangu leo mtakavyopanga vyumba atakapobaleghe.

Mambo haya mwelezeni Afisa waziwazi, wala msione haya. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 zinaitambua kafala, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 waitaja katika kifungu cha 20.

Afisa atauliza kwa muda mchache, kisha atakwenda zake. Mola wetu atatuuliza juu ya malezi yote. Aliyejitayarisha kwa swali hili hataona uzito kwa lile. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa kimbilio la mayatima. Amin.