Nyumba ya Kukimbilia

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mtu akifukuzwa na mwizi usiku, hukimbilia nyumbani kwake, hufunga mlango, naye amepona. Lakini mke anayepigwa na mume wake, akimbilie wapi? Adui yake yumo ndani, tena ufunguo anao.

Mjini London, katika mtaa wa Chiswick, swali hilo lilijibiwa kwa tendo. Mwaka 1971 Bibi Erin Pizzey na wenzake walipata nyumba ndogo, kuukuu. Nia yao ilikuwa kuwapa akina mama wa jirani mahali pa kukutana na kusaidiana. Kisha akaja mwanamke mwenye alama za mapigo mwilini. Huyo hakutafuta mazungumzo. Alitafuta mahali pa kulala. Wakampokea. Habari ikaenea, wakaja wengine pamoja na watoto wao.

Wenye nyumba walishika kanuni moja: mama aliyekimbia mapigo asifungiwe mlango. Kanuni njema! Lakini ninyi wasomaji mwajua jinsi ilivyo nyumba inayopokea kila ajaye. Chumba kimoja hulala watu wa jamaa kadhaa, na jiko moja hugombewa na mama wengi. Wakahamia nyumba kubwa zaidi, nayo ikajaa.

Ndipo halmashauri ya mji ilipotoa amri: watu wasizidi 36. Mkaguzi alipofika, aliwakuta 75. Bibi Pizzey akashtakiwa, na kesi ikapanda hadi Nyumba ya Malodi, iliyokuwa siku zile mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Upande wake ulidai ya kwamba wakaaji wote ni watu wa nyumba moja. Mwaka 1977 malodi wakakataa: watu wengi namna hiyo, wanaoingia na kutoka kila mara, hawawezi kuhesabiwa hivyo. Amri ikasimama.

Nani alikuwa na haki? Tusifanye haraka kuhukumu. Moto ukizuka usiku, watu 75 watatoka kwa mlango upi? Mtoto mmoja akiugua surua, wangapi watalala salama? Halmashauri haikusema upuuzi. Lakini wale 39 waliozidi, ni nani atakayewashika mkono na kuwarudisha kwa yule anayewapiga?

Jibu ni hili: nyumba ya kukimbilia haipanuliwi kwa kubana watu. Hupanuliwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuongeza nyumba. Mwaka 1974 vikundi vyenye nyumba za namna hii katika Uingereza viliunda umoja wao. Mwaka 1975 kamati ya Bunge ilishauri iwepo nafasi ya jamaa moja kwa kila watu 10,000. Maana yake, mji wenye watu 200,000 uwe na nafasi za jamaa 20.

Njia ya pili husahauliwa: kufungua mlango wa kutokea. Mama asiye na pa kwenda hubaki mle miezi mingi, na mwenzake anayebisha hodi hukosa kitanda. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1976 ilimpa hakimu uwezo wa kumwamuru mume mpigaji atoke, mke na watoto wabaki nyumbani kwao. Sheria ya mwaka 1977 nayo ilizitaka halmashauri kuwapatia makao mama waliokimbia mapigo pamoja na watoto wao. Kila mama aliyepata makao ya kudumu alimwachia mwingine nafasi.

Na sisi je? Kwetu mke aliyepigwa huenda kwa baba yake. Ndiyo nyumba yetu ya kukimbilia tangu zamani. Lakini wako wazazi wanaomrudisha binti kesho yake asubuhi, majeraha hayajakauka, kwa kuwa mahari imekwisha kuliwa. Nyumba hiyo ina mlango, lakini haina kimbilio.

Enyi akina baba, binti akibisha usiku, mfungulieni, mkamsikilize kabla ya kuhesabu mbuzi. Enyi jirani, msiseme, “Ni mambo ya nyumba yao.” Na ninyi wanafunzi, mtakaokuwa kesho mahakimu na washauri wa miji, kumbukeni wale watu 39. Kuwahesabu ni kazi rahisi. Kazi iliyo kubwa ni kuwatafutia mahali.