Simu ya Kukunjwa: Tuipime Kabla ya Kuinunua

Simu ya kukunjwa ni ya bei ya juu, hivyo yafaa tuipime kabla ya kufungua mkoba.

Faida inayo. Ile ifunguliwayo kama kitabu hutoa kioo kipana. Bibi mwenye macho hafifu husoma Msahafu kwa herufi kubwa, kisha huikunja na kuitia mkobani.

Hasara nazo zipo. Kioo cha ndani ni laini, hukwaruzwa hata kwa ukucha, na adui wa bawaba yake ni mchanga, ambao sisi watu wa pwani hatuukosi. Mwaka 2019 kampuni ya Samsung iliahirisha kuuza Galaxy Fold kutoka Aprili hadi Septemba, baada ya vioo vya baadhi ya walioijaribu kuharibika. Wengine walibandua utando wa juu wakidhani ni wa kufungia tu. Na gharama ya kubadilisha kioo hicho yaweza kutosha kununulia simu mpya ya kawaida.

Rai yetu: mwenye uwezo na haja, ainunue. Lakini kukopa, au kuchelewesha karo ya mtoto, ili tuonekane nayo arusini ni israfu. Mume na mke na washauriane kwanza.