Mtafiti Afikeje Mbele ya Kamati ya Bunge?

Sisi tunaosoma falsafa huambiwa kila siku kwamba hoja lazima isimame juu ya msingi. Hoja hiyo ipelekwe wapi, hatuambiwi sana. Tasnifu juu ya mbolea, maji au zahanati huishia kwenye kabati la maktaba, huku sheria za mambo hayohayo zikitungwa Dodoma.

Mlango upo. Ibara ya 21(2) ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye au yanayolihusu Taifa. Kwa Bunge, haki hiyo hutumika zaidi kwenye kamati za kudumu. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, Spika huupeleka kwenye kamati inayohusika. Kamati huita wadau, huzungumza na waziri, kisha hutoa taarifa yake muswada unaposomwa mara ya pili. Vifungu hubadilishwa katika hatua hizo, kwa jedwali la marekebisho. Anayesubiri mjadala wa ukumbini ndipo aandike gazetini, amechelewa.

Tuchukue miswada mitatu ya uchaguzi iliyosomwa mara ya kwanza Novemba 2023. Januari 2024 Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria ilipokea Dodoma maoni ya vyama vya siasa, asasi na viongozi wa dini. Muswada mmoja uliingia ukiitwa wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Ulipopitishwa Februari, jina lilikuwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Wapo waliosema kwamba jina ni rahisi kubadilisha kuliko muundo, na kwa maoni yetu walikuwa na haki kusema hivyo.

Watafiti wenyewe waliguswa zaidi Septemba 2018, Sheria ya Takwimu ilipofanyiwa marekebisho. Kutangaza takwimu zenye nia ya kupinga au kupotosha zile rasmi kukawa kosa la jinai. Mtu aliyehesabu kaya za kijiji chake akapata jibu tofauti na la Serikali, angethubutuje kulipeleka mbele ya kamati? Ukosoaji ulikuwa mkubwa, wa ndani na wa nje, Benki ya Dunia ikiwemo, na mwaka 2019 Bunge liliirekebisha tena sheria hiyo.

Sasa, aandike nini? Kurasa mbili zinatosha. Ataje kifungu kwa namba, aeleze kitamfanya nini mkulima wa mahindi wa hapa Maposeni, aweke ushahidi wake, kisha apendekeze maneno mbadala yanayoweza kunakiliwa yalivyo. Mbunge si msimamizi wa tasnifu. Sura ya nadharia haimsaidii. Maandishi hutumwa kwa Katibu wa Bunge, hivyo si lazima mtu apande basi Songea, apite Makambako na Iringa hadi Dodoma kwa nauli yake.

Kikwazo kikubwa ni muda. Wito wa maoni mara nyingine hutoa siku chache tu, na muswada wa hati ya dharura huenda mbio zaidi: sheria za maliasili za Julai 2017 zilipita ndani ya siku chache. Kwa hiyo kurasa zile mbili ziandikwe kabla ya wito, na nakala apewe mbunge wa jimbo anapokuja kuwatembelea wananchi, maana akiwa huku ana nafasi ya kuuliza maswali.