Kupanda Mimea Kwenye Matundu ya Mawe

Huenda uani kwenu kuna jiwe la matumbawe lililojaa matundu, nanyi mnaliona halina kazi. Wakulima wa Makunduchi na Jambiani, Unguja, hawaoni hivyo. Katika maweni yao udongo ni kidogo, umejificha kwenye mashimo na nyufa, na humo ndimo wanamopanda.

Chagua tundu linaloshuka ndani kwa mshazari ili mvua iingie. Limimine maji, ulitazame. Yakituama siku nzima, liache, kwani mizizi itaoza. Mimi niliwahi kuua miche mitatu ya shubiri kwenye tundu la namna hiyo. Niliiona inanyauka, nikadhani ni kiu, nikazidi kuimwagilia!

Changanya udongo, samadi kidogo iliyooza na mchanga, lakini si wa pwani, una chumvi. Chukua mche mdogo kabisa. Tanguliza mizizi, sindilia udongo kwa kijiti, kisha ziba mdomo wa tundu kwa vijiwe ili masika yasiuzoe. Jiwe hili ni chokaa na hupata moto juani, hivyo shubiri hulistahamili kuliko mchicha. Mwagilia jioni, hata kwa maji yaliyobaki kwenye birika la udhu, mpaka uone jani jipya.